Fundi, tundu la maiki si la kuchoma na pini

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Mtwara, huku kusi limeshaanza kuvuma na watu wanahangaika na salfa ya mikorosho, nitajitahidi nisiwe mrefu ingawa najijua mi nikianza sinyamazi.

Namjibu msomaji mwenzetu aliyeandika kwenye ukurasa huu wiki mbili zilizopita, akasema habari za mashine ndogo zisizoonekana kwa macho ni mambo ya wenzetu huko ng'ambo, sisi zitatufikia labda wajukuu wakishazeeka, kwa hiyo watu wa kusini tukazane na korosho na ufuta basi. Simlaumu. Ila nina hakika barua ile aliiandika kwenye simu, na kama ni simu basi mashine zenyewe alikuwa amezishika mkononi, tena sio moja, maana simu ya kawaida tu ya laki mbili maiki yake ni ya aina hiyo, kile kidude kinachojua simu imelala au imesimama ni cha aina hiyo, na ukipanda kwenye simu za bei kubwa kidogo unakuta mpaka vichujio vya mawimbi ya mtandao vinatetemeka humo ndani kama ngozi ya ngoma. Sasa wajukuu wa nini?

Mi ni fundi simu, kibanda changu kipo karibu na soko kuu, mwaka wa kumi na mbili huu. Chuo kikuu sijakanyaga. Ninachokijua nimekijua kwa kuharibu, na hapo chini nitakiri.

Wiki iliyopita kaja mama mmoja wa Msanga Mkuu, kavuka asubuhi, simu kaifunga kwenye leso. Kaniambia, mwanangu, mi nawasikia wao, wao hawanisikii, mwezi sasa napiga kelele mpaka majirani wanatoka nje. Nikamuuliza kama kuna fundi aliishika, akasema yupo kijana mmoja alimchomachoma hapo chini pembeni ya tundu la chaji, akamwambia ni uchafu tu mama utatoka. Nikaiweka chini ya hadubini. Tundu limepanuka, na ndani ncha ya pini ya mtandio imevunjikia humo humo.

Naomba niwaelezee kilichokuwa ndani maana wengi hata sisi mafundi hatujawahi kukiona. Maiki ya simu za siku hizi ni kiboksi cha bati, urefu milimita tatu na nusu hivi, upana mbili na nusu. Ukilivua lile bati unakuta vipande viwili vimelala pamoja, kimoja chipu ya kawaida, kingine kina kijidirisha cha mviringo kilichowambwa utando. Upana wa utando huo kwa kawaida haufiki hata milimita moja, na unene wake ni kama maikromita moja, yani gawanya milimita mara elfu uchukue kipande kimoja, unywele wako wa kichwani ni mnene kuliko huo mara hamsini na zaidi. Mkabala na utando kuna sahani ngumu yenye matundu matundu kama chekeche. Ukisema haloo, utando unacheza, nafasi kati yake na ile sahani inapungua na kuongezeka kidogo mno, uwezo wa pale kushika chaji ya umeme unabadilika, chipu ya pembeni inasoma mabadiliko hayo inayapeleka mbele. Ndo sauti yako hiyo. Sasa mtu anachukua pini.

Utando wa mama ulikuwa umepasuka vipande, vinang'aa kama kioo cha gari kilichomwagika barabarani baada ya ajali.

Vitu hivi kwa jumla wanaviita MEMS, ni kifupi cha Kiingereza, kwa lugha yetu ni mitambo midogo ya umeme na mwendo. Tofauti yake na chipu nyingine ni moja tu. Chipu ya kawaida kinachotembea ndani yake ni umeme peke yake, hizi kuna kitu kinacheza kweli kweli, kinapinda, kinabembea, kinatetemeka, alafu pembeni kuna sakiti ya kukisoma au kukiamrisha. Kile cha kugeuza kioo cha simu kwa mfano, ndani yake kuna kipande cha silikoni (ile malighafi ya kutengenezea chipu) kimening'inizwa kwenye springi za silikoni, pembeni kina meno kama vitana viwili vilivyoingiliana bila kugusana. Ukiinamisha simu kipande kinavutwa upande, meno yanakaribiana, basi imejua. (Kile cha kuzima kioo ukiweka simu sikioni hakihusiki, kile ni cha mwanga, msichanganye, kuna wateja wananiletea ugomvi hapo.)

Watu wananiuliza sasa mtu anaungaje springi ndogo namna hiyo. Haungi. Hapo ndo huwa nawaambia nendeni kwa wachongaji wetu wa mpingo mkaangalie sanamu ya ujamaa, watu kumi na tano wamepandana, huyu kambeba huyu, yule kamshika yule mguu, na wote wametoka kwenye gogo moja, hakuna aliyeletwa akabandikwa kwa gundi. Mchongaji kaondoa kisichotakiwa wakabaki watu. Na hawa wenzetu ndo hivo hivo, wanachukua bamba la silikoni, wanaweka matabaka, alafu wanaliyeyusha tabaka la chini kwa kemikali ili la juu libaki linaning'inia huru. Kuna na njia ya kuchimba kwenda chini wima, iliyotoka kampuni ya Bosch ya Ujerumani miaka ya 1990, inaendana kabisa na uchimbaji wa kisima cha karavati: unachimba kidogo, unakinga kuta zisibomoke, unachimba tena kidogo, unakinga tena. Tofauti ni kwamba wao wanachimba kwa gesi na kuta wanazikinga kwa utando mwembamba wa plastiki.

Na silikoni yenyewe sio laini kama watu wanavodhani. Mwaka 1982 kuna mtaalamu wa IBM anaitwa Kurt Petersen aliandika makala ndefu kuonesha kwamba silikoni ukiacha umeme ni malighafi nzuri ya kutengenezea mashine, nguvu yake inashindana na chuma, na ukiipinda inarudi pale pale bila kuchoka. Ubaya wake ni mmoja, ikizidiwa haikunjiki, inapasuka kama chungu. Kabla yake tayari mwaka 1954 Charles Smith wa maabara za Bell alishaona kwamba silikoni ukiibana upitishaji wake wa umeme unabadilika sana, ndo mwanzo wa sensa, yani vidude vya kuhisi, za kupima presha.

Ila kisa ninachokipenda mi ni cha mwaka 1959. Mwanafizikia Richard Feynman kule California alisimama mbele za watu akasema huku chini kwenye udogo nafasi bado ipo nyingi, akaahidi dola 1,000 kwa atakayemletea mota ya umeme inayoingia kwenye mchemraba wa inchi 1/64 kila upande. Nia yake watu wakune vichwa wabuni njia mpya kabisa ya kutengeneza vitu. Mwaka uliofuata akaja injinia anaitwa William McLellan na mota yake inazunguka, kaitengeneza kwa mkono, na hadubini na kibano! Yani kama sisi hapa sokoni. Feynman hela alitoa lakini kile alichokuwa anakitafuta hakukipata. Mi nikikaa usiku na kibano changu nabadilisha maiki humkumbuka sana yule bwana.

Kazi ya kwanza kubwa ya hizi mashine haikuwa simu, ilikuwa gari. Zamani ili gari lijue limegonga lifungue airbag walikuwa wanatumia vitu kama kigololo ndani ya bomba, kinashikwa na sumaku, gari likigonga kigololo kinachomoka kinagusa waya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Analog Devices ya Marekani ikaleta chipu moja ambayo ile mashine na sakiti yake vyote vipo kwenye kipande kimoja cha silikoni, bei ikaanza kushuka, na ikishuka bei ya kitu kwenye gari ujue kitashuka mpaka kwenye vitu vya kuchezea watoto. Mwaka 2006 Nintendo wakaweka kidude hicho cha kuhisi mwendo kwenye gemu lao la Wii, 2007 iPhone ikatoka nacho, na 2010 iPhone 4 ikaongeza na jairoskopu, ile inayohisi simu inavozungushwa. Baada ya hapo kila mtu.

Na wale ambao hawana simu kubwa wasidhani wamekwepa. Unaenda kibanda umiza kuangalia Simba na Yanga, projekta iko juu imefungwa na kamba, baadhi yake ni za mfumo unaoitwa DLP, ndani yake kuna chipu iliyobuniwa na Larry Hornbeck wa Texas Instruments mwaka 1987. Juu ya chipu hiyo kuna vioo vidogo vya kujitazamia, ile ya kiwango cha picha cha XGA inavyo 786,432, kila kimoja kina bawaba yake, kinainama upande huu doti inawaka, kinainama upande ule inazima, maelfu ya mara kwa sekunde. Sasa umewahi kuona kwenye projekta chakavu vidoti vyeupe vimetapakaa kama nyota hata picha ikiwa nyeusi? Mwenye kibanda anafua shuka. Kaka, shuka haina kosa, hivyo ni vioo vimeng'ang'ania havirudi. Nimeshawaambia wenye vibanda watatu hapa mjini, mmoja tu ndo aliniamini, na yeye ni kwa sababu shuka alishafua mara mbili.

Sasa nikiri. Miaka kadhaa nyuma nilinunua kile kibeseni cha kusafishia bodi kwa mawimbi ya sauti, kinanguruma, simu iliyoingia maji unaizamisha kwenye dawa dakika tano inatoka bodi mpya kabisa. Nikajiona nimefika. Kumbe simu zinaondoka hapa zinawaka vizuri alafu baada ya siku mbili zinarudi, maiki hamna, au ukicheza gemu gari linakwenda upande lenyewe. Nilibishana na wateja, nikasingizia maji ya chumvi, nikasingizia spea za kichina, mpaka siku moja nikaamua kujaribu kwenye simu yangu nzima isiyo na ugonjwa. Nikaizamisha. Ikatoka kiziwi. Kile kibeseni kinatetemeka mara elfu arobaini hivi kwa sekunde, na jairoskopu nayo ndani yake kuna kitu kinachotetemeka makumi ya maelfu kwa sekunde, sasa ukizikutanisha hizo mbili ni kama kumtikisa mtoto kwenye bembea bila kujua pa kuacha. Simu kumi na moja niliziua kwa mkono wangu kabla ya kuelewa. Baadhi ya wenyewe mnasoma gazeti hili, mnisamehe, wengine nilishawalipa.

Kuna mkasa mwingine wa 2018 unaonesha vitu hivi vina ushamba wake. Hospitali moja jimbo la Illinois, Marekani, walikuwa wanafunga mashine ya MRI, gesi ya heliamu ikavuja ikaingia kwenye njia za hewa, simu za iPhone za wafanyakazi kama arobaini zikazima zote, za Android zikabaki zinadunda. Watu wakadhani ni sumaku. Ilipofuatiliwa ikaonekana simu zile saa yake ya ndani, ile inayopiga mapigo ya kuendesha simu, haikuwa ya kwatsi kama zamani bali ya MEMS, kidude kinachotetemeka ndani ya chumba kisicho na hewa, na heliamu chembe zake ni ndogo mno zikapenya mpaka mle ndani zikavuruga mapigo. Nyingi ziliamka zenyewe baada ya siku kadhaa. Nchi yetu nayo ina heliamu huko Rukwa, ilitangazwa 2016, sasa siku wakianza kuichimba sawasawa mafundi wa Sumbawanga msije mkasema hamkuambiwa.

Nimekaa hapo makusudi kwa sababu ndo ninapotaka kufika. Ugumu wa hizi mashine leo sio kuitengeneza ile mashine. Hiyo wameshaiweza, zinatoka kwa mabilioni, Bosch, STMicroelectronics, TDK, Knowles wa maiki (mpaka 2024 walipowauzia Syntiant kazi ya maiki za simu), Broadcom wa vichujio, soko lake kwa mwaka linapita dola bilioni 10 na kidude kimoja cha kuhisi mwendo kinaweza kupatikana chini ya dola moja. Ugumu ni nyumba yake. Chipu ya kawaida unaifunga kwenye plastiki nyeusi umemaliza, haitaki kuonana na mtu. Maiki usipoiachia tundu haisikii. Sensa ya mgandamizo wa hewa usipoiachia tundu haipimi. Ya gesi, ya unyevu, hivo hivo. Lazima iwe wazi ili ifanye kazi na lazima ifungwe ili isife, na ndo maana kuifunga na kuipima mara nyingi kunakula hela nyingi kuliko kile kipande cha silikoni chenyewe, na kila aina inataka nyumba yake na njia yake ya kutengenezwa, huwezi kuchukua kiwanda cha maiki kesho ukatengeneza jairoskopu. Kwa hiyo vinachelewa kukua. Toka wazo mpaka dukani inaweza kupita miaka kumi, ishirini.

Hilo la tundu nililiona kwa macho yangu Tandahimba. Shemeji yangu ana mikorosho kule, na kila msimu ugomvi wake ni ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaoshika maua, unapenda usiku wa baridi baridi, umande na unyevunyevu, na mkulima anapuliza salfa kwa kukisia au kwa kuangalia jirani kapuliza lini. Mi nikajitia ujuzi. Nikaagiza Kariakoo sensa moja ya Bosch, kipande cha milimita mbili na nusu kila upande, kinapima mgandamizo wa hewa, joto na unyevu kwa pamoja, kwa bei ambayo haifiki ya kuku wawili, nikaifunga na kimashine cha kutuma namba kwenye simu, nikaiweka kwenye kopo la rangi lililotobolewa pembeni, tukaitundika kwenye mkorosho.

Wiki mbili za kwanza raha. Kwanza tukajifunza kitu ambacho mi sikukijua, mgandamizo wa hewa huku kwetu una kupwa na kujaa kama bahari, kila siku mara mbili, unapanda mpaka saa nne asubuhi, unashuka mpaka saa kumi jioni, unapanda tena saa nne usiku, unashuka saa kumi alfajiri, hata kama hakuna wingu. Shemeji siku ya kwanza saa kumi jioni kanipigia simu anasema namba zinashuka kuna kimbunga. Nikamwambia subiri. Sio utani lakini, maana Mei 2024 wakati kimbunga Hidaya kinapita baharini huko, namba kwenye simu yangu mi mwenyewe niliona zinashuka na ile saa ya kupanda ilipofika hazikupanda kama siku zote, Mamlaka ya Hali ya Hewa walikuwa wameshatangaza, ila kuona kwenye kiganja chako ni kitu kingine.

Wiki ya tatu sensa ikaanza kusema unyevu ni asilimia mia, mchana kweupe, jua la kupasua vichwa. Nikapanda basi nikaenda. Kufungua kopo, vumbi la salfa limetanda kila mahali, na lile tundu la sensa, ambalo hata kichwa cha sindano hakiingii, limezibwa kabisa na unga wa njano uliogandana na umande. Sensa nzima ilikuwa sawa. Ilikuwa inapima unyevu wa uji wa salfa uliokaa mlangoni kwake.

Sasa Mhariri, nani duniani ameshapima sensa hizi kwenye salfa ya mikorosho? Mjerumani anayezitengeneza mkorosho ataujulia wapi. Na chumvi ya Mikindani, na vumbi jekundu la Newala, na joto la ndani ya ghala la korosho lililofungwa mabati? Hapa ndo naona nafasi yetu ilipo na ndo napotofautiana na yule ndugu aliyesema tusubiri, na pia napotofautiana na wale wa upande wa pili, maana wapo, wanaosema serikali ijenge kiwanda cha chipu. Kiwanda cha chipu kinataka chumba ambacho vumbi linahesabiwa chembe moja moja, umeme usiokatika hata dakika, na mabilioni ya dola, tusidanganyane, tumeshasubiri gesi ituajiri wote sasa tuanze kusubiri silikoni? Lakini nyumba ya sensa, kichujio cha tundu, kuipima ikae sawa kwa hali ya hewa ya hapa, kuitundika pembeni ya vipimo vya kweli uone inadanganya kiasi gani baada ya mwezi, baada ya masika, hiyo ni kazi ya watu wenye mkono na subira na hao tunao. TARI Naliendele, watafiti wa kilimo, wapo hapo, wanaujua ubwiriunga kuliko mtu yeyote, uwanja wa ndege una vipimo vya hali ya hewa. Watundike sensa ishirini za bei rahisi pale, kila moja na nyumba yake tofauti, msimu mmoja tu, watangaze ipi ilibaki mkweli. Alafu AMCOS, vyama vyetu vya ushirika vya wakulima, zijue cha kununua badala ya kuletewa na mfanyabiashara kitu kinachopima uji.

Yanayokuja nayo ni mengi na yote yatapita kwenye meza zetu tutake tusitake. Mwishoni mwa 2023 vimeanza kuuzwa vile vya kuchomeka masikioni vyenye spika ya silikoni, na spika hizo nazo zitakuja kuchomwa pini. Toka 2014 Marekani wameruhusu kidude cha kuweka kwenye mshipa wa mapafu wa mgonjwa wa moyo, hakina betri, kinampimia presha akiwa nyumbani daktari anaisoma. Google toka 2020 wanatumia zile sensa za mwendo za simu za Android kunusa tetemeko, simu nyingi zilizolala mezani zikitikisika kwa pamoja wanajua, na sisi wa pwani hii tulitikiswa Agosti 2020 tetemeko la baharini likasikika mpaka Dar, kwa hiyo sio hadithi. Ila sio kila ahadi ni ya kumeza. Kwenye mwaka 2000 kampuni za mawasiliano zilimwaga hela nyingi kwenye vioo vidogo vya kuelekeza mwanga kwenye nyaya za faiba, mwaka uliofuata soko likaanguka na nyingi zikafunga milango. Na zile sensa zilizosemwa zitajichaji zenyewe kwa mtetemo bila betri, miaka yote hii nasikia, mezani kwangu haijafika hata moja.

Kwa mafundi wenzangu nina machache na naomba Mhariri usiyakate. Maiki isiyosikika anza na brashi laini kavu kwa nje, sio pini, sio kuipuliza na hewa ya kompresa. Ukiosha bodi kwa thina au dawa yoyote ziba tundu la maiki kwanza na ule utepe wa njano wa kunata unaovumilia moto. Blowa ya hewa ya moto punguza upepo, na flaksi, ile dawa ya kusaidia risasi ishike, weka kidogo sana, maana maiki nyingi tundu lake liko chini linaangaliana na tundu la bodi, flaksi ikiyeyuka inapanda mle inaganda juu ya utando, na hapo hata Bosch mwenyewe hatoi msaada. Kibeseni cha mawimbi kiwe cha bodi ambazo umeshazitoa maiki na sensa. VETA ya hapa wangeweka haya kwenye kozi fupi hata ya siku tatu, na hadubini mbili tu, vijana wangeona ule utando kwa macho yao. Akiuona mara moja hatashika pini tena, mi nawahakikishia, na hata yule kijana aliyemchomachomea mama wala sina ugomvi naye, hakuna aliyemwonesha.

Yule mama nilimbadilishia maiki, ilichukua kama saa moja kwa sababu ya kile kipande cha pini. Nikamwambia piga simu yoyote tujaribu. Akampigia mwanawe Dar, na kwa mazoea ya ule mwezi mzima akavuta pumzi akapaza sauti mpaka wauza samaki wakageuka. Spika ilikuwa wazi, kijana tukamsikia wote pale kibandani: "Mama, kwani nimekosa nini, mbona unanifokea?"

Wenu,
Fundi simu, Mtwara mjini